Encre Noire ya Lalique: baridi isiyo na sukari, na mtu anayeiweza

Ingia duka la manukato mjini Kampala, omba kitu cha majira ya baridi, na mara nyingi utapewa utamu. Vanila, ambari, tonka, mdalasini, tofi. Ndivyo watu wa Ulaya wanavyojipulizia theluji ikiwa mlangoni, na kule vinafaa, kwa sababu hewa ya nyuzi mbili au tatu hubana harufu na kuitoa kidogo kidogo. Vikifika hapa, kwenye foleni ya magari saa nane mchana na kipimajoto kikisoma nyuzi 28, vinamgeukia mwenyewe. Joto la ngozi huinua harufu tamu zote kwa mpigo, jasho linajichanganya nazo, na aliyekuja akinukia keki anaondoka akinukia sharubati iliyochacha. Vanila tunalima wenyewe Mukono na Bundibugyo; tunaijua vizuri inavyokaba pumzi ikirundikwa chumba kimoja.

Encre Noire, manukato ya nyumba ya Lalique, ni baridi ya namna nyingine kabisa. Haikupi blanketi wala kikombe cha chokoleti. Inakupa msitu asubuhi, miti imesimama, udongo umelowa, moshi wa mbali. Kwa kuwa hakuna sukari ndani yake, joto halina cha kuchachusha. Ndiyo maana, kati ya manukato ya miti yanayohesabiwa kuwa ya majira ya baridi, ninaiweka hii mbele kwa mtu anayeishi Uganda, na hasa kwa anayepanda na kushuka kati ya Kampala na nyanda za juu za Kigezi, Rwenzori au Elgon.

Ilitoka mwaka 2006 kwa jina la Lalique wa Ufaransa, na aliyeitunga ni Nathalie Lorson. Jina maana yake ni wino mweusi. Lalique kwa asili ni watu wa vioo: René Lalique, aliyezaliwa 1860 na kufariki 1945, alianza na vito, kisha akahamia kwenye kioo, na mwanzoni mwa karne ya 20 alimbunia mtengeneza manukato François Coty chupa zilizobadilisha namna dunia inavyouza manukato. Kwa hiyo chupa hii haikuachwa iwe chupa tu. Ni pande nne za kioo cheusi tii, nzito mkononi, imeumbwa kama kidau cha wino, na kifuniko chake kinaonekana kama kipande cha ubao. Inapendeza mezani. Ina kasoro moja ya kweli ambayo nitairudia, kwamba huoni kilichomo.

Viungo vinavyotajwa ni vichache: mberoshi, vetiva ya Haiti na ile inayoitwa Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion, kisha mti wa kashmeri na miski. Mberoshi ni ule mti wa saipresi unaopandwa kuzunguka shule na makanisa ya vilimani. Mti wa kashmeri haumo msituni popote. Ni jina la kupendezesha la malighafi ya maabara iitwayo Cashmeran, yenye harufu ya mti laini wenye vuguvugu. Na vetiva, ambayo ndiyo roho ya chupa nzima, si mti hata kidogo. Ni nyasi. Ni nyasi zilezile ndefu ambazo wataalamu wa kilimo hupenda zipandwe kwenye miteremko ili zishike udongo, kwa sababu mizizi yake hushuka chini wima kama nywele, mita mbili na zaidi. Mafuta hutoka kwenye mizizi. Inachimbwa baada ya mwaka mmoja au zaidi, inaoshwa udongo, inakaushwa, kisha inakenekwa kwa mvuke kwa saa nyingi, kwa kuwa mafuta yake ni mazito na hayana haraka ya kupanda. Uzito huohuo ndio unaoifanya vetiva idumu kwenye ngozi wakati ndimu na maua yameshakwenda zake.

Harufu yenyewe inataka kufuatwa kwa saa.

Dakika tano za kwanza ni ngumu. Mberoshi unatangulia, mkali, wa kijani kibichi, kama umevunja kitawi na utomvu ukabaki vidoleni. Chini yake kuna kitu cheusi, cha maji: wino, au sakafu ya udongo iliyonyeshewa. Wengi huiacha hapa. Wananusa kikaratasi dukani, wanasema inanukia ghala lenye unyevu, wanakirudisha. Hawajakosea kuhusu dakika hizo tano; wamekosea kuondoka.

Kati ya dakika ya 15 na ya 30 kijani kinalegea na mzizi unajitokeza. Ukavu unaingia, na moshi mwembamba. Ukitaka mfano wa nyumbani, nenda Ankole, shika ebyanzi, vile vyombo vya maziwa vinavyochongwa kwa mti, ambavyo hufukizwa kwa moshi wa nyasi kavu ili maziwa yakae vizuri na yapate ladha. Fungua kifuniko, weka pua mdomoni mwa chombo kitupu. Mti, nyasi, moshi, na usafi fulani wa ukali juu yake. Sijapata maelezo yanayokaribia moyo wa Encre Noire kuliko hayo. Anayetafuta moshi wa jikoni au wa makaa hataupata. Huu ni moshi uliokwisha kutua ndani ya mti.

Baada ya saa mbili inashuka na kukaa karibu na ngozi. Miski inalainisha pembe, na kinachobaki ni kama penseli iliyochongwa sasa hivi, mti mkavu, safi, wenye joto kidogo. Hapo hukaa saa sita hadi nane kwenye ngozi ya kawaida, pungufu kwenye ngozi kavu, na kwenye nguo hufika kesho yake. Kola ya sweta la sufu ikipulizwa jioni, asubuhi bado inasema vetiva.

Sasa, nani anaiweza?

Encre Noire inamfaa mtu ambaye ukimya wake si woga. Yule anayekaa kwenye kikao saa nzima akisikiliza, kisha akasema sentensi mbili na mjadala ukageuka. Fundi anayepima mara tatu kabla ya kukata. Mwanasheria, mhariri, mpima ardhi, daktari wa mifugo, mwalimu ambaye wanafunzi hutulia akiingia bila yeye kupaza sauti. Ni manukato ya mtu aliyekwisha kuamua yeye ni nani na hahitaji kila anayepita amsifie. Hili la sifa nalisema kwa uzito, maana ndilo linalowakatisha tamaa wanunuzi wengi: haya si manukato ya kuulizwa barabarani umejipuliza nini. Atakayeisikia ni aliyekaa kando yako, aliyekukumbatia, aliyeazima koti lako. Ukipima thamani ya manukato kwa idadi ya wanaogeuka, chukua kingine na wala usijilaumu.

Mcheshi, mtu wa watu, anayeingia ukumbini na kusalimia meza zote, ataonekana amevaa koti la mtu mwingine. Kuna mvutano kati ya kicheko kikubwa na harufu hii, na watu huuhisi hata wasipojua umetoka wapi. Kijana wa miaka 18 naye anaweza kuivaa, ila mara nyingi inamzidi umri, kama suti ya babake. Si sheria. Wapo vijana wazito wa tabia, na wapo wazee wenye miaka 60 wanaofaa machungwa na ndimu.

Imeandikwa ya wanaume, na hapo siwafuati. Mwanamke mtulivu, anayependa rangi za kahawia, kijivu na nyeusi, mwenye vito vichache, huivaa vizuri pengine kuliko mwanamume, kwa sababu hakuna anayeitarajia kwake. Lalique walitoa pia toleo la wanawake mwaka 2009, lakini ni laini zaidi na lina maua, na limepoteza giza ambalo ndilo sababu ya kuinunua hii.

Kuhusu mahali na saa. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 10. Hapo Encre Noire iko kwao: hewa ya ukungu na harufu ya mikaratusi na saipresi iliyoko nje inaunganika na iliyoko shingoni mpaka hujui ipi imeanzia wapi. Kisoro, Kapchorwa na miteremko ya juu ya Fort Portal ni hivyohivyo. Kampala, yenye mita kama 1,200, inahitaji kuchagua muda. Asubuhi kabla ya saa tatu, siku za mvua za Aprili na Novemba, jioni baada ya jua kuzama, ofisini penye kiyoyozi. Jua la mchana haliiharibu kama linavyoharibu vanila, bali huikausha: mberoshi hutoweka ndani ya dakika chache na unabaki na vetiva tupu, kavu, kali kidogo. Si mbaya, ila si kazi nzima uliyolipia.

Siipendekezi kwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ya mchana chini ya hema. Pale rangi ni nyingi, magauni ya gomesi yanang'aa, watu wanacheza, na harufu yenye uso mzito hivi inakaa kama mgeni asiyekula. Kwa ibada ya alfajiri au msiba inafaa, kwa kipimo kidogo sana. Wodini na vyumba vya wagonjwa usiende nayo kabisa, wala na manukato mengine yoyote.

Kipimo ndicho kinachowaponza wengi zaidi. Kwa Kampala mipulizo miwili inatosha: mmoja kifuani chini ya shati, mmoja nyuma ya shingo. Kabale na mfano wake, mitatu au minne, na mmoja wa hiyo kwenye nguo ya sufu. Shika chupa sentimita 15 hadi 20 kutoka mwilini, puliza mara tu ngozi inapokauka baada ya kuoga. Kama ngozi yako ni kavu, paka vaselini isiyo na harufu, kiasi cha punje ya mchele, pale utakapopuliza. Mafuta hupunguza kasi ya manukato kupaa na unaweza kupata saa moja ya ziada. Losheni ya kakao au ya nazi iache siku hiyo. Utamu wake hupanda juu ya vetiva na kuigeuza kitu cha ajabu, kama karanga zilizokaangwa na kusahaulika ndani ya sanduku. Kiondoa harufu cha kwapani nacho kiwe kisicho na manukato makali.

Kosa la pili hutokea baada ya nusu saa. Unajinusa, husikii kitu, unaongeza. Usiongeze. Encre Noire imejengwa kwa wingi wa malighafi za miti za maabara, na inayotajwa zaidi ni Iso E Super, ambayo pua huizoea haraka na kuacha kuitolea taarifa, kisha ikairudisha ghafla baadaye. Wapo watu ambao hawaisikii kabisa tangu mwanzo. Harufu ipo, ni pua yako iliyokwenda likizo. Muulize mtu aliye umbali wa mkono mmoja. Ukiongeza mara mbili au tatu kisha ukapanda teksi ya abiria 14 mvua ikinyesha na madirisha yamefungwa, utawatesa 13 na dereva wao.

Kununua. Ukubwa wa kawaida ni 50 ml na 100 ml. Mpulizo mmoja hutumia takribani 0.1 ml, kwa hiyo 100 ml ni kama mipulizo 1,000. Kwa mvaaji wa miwili kwa siku, hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na miezi minne. Kwa bei za nje hii ni miongoni mwa manukato mazuri ya bei ya chini, na hilo lina faida na balaa. Faida ni wazi. Balaa ni kwamba wengi hununua bila kunusa kwa kuwa haiwaumizi mfukoni, kisha wanaitupa. Afadhali utafute kwanza kichupa cha 5 ml kilichomiminwa mbele ya macho yako. Hiyo ni mipulizo 50, inatosha kuivaa siku ya jua, siku ya mvua na usiku wa baridi, kila moja zaidi ya mara moja.

Chupa nyeusi inawasaidia sana wadanganyifu, maana huwezi kuona kiasi wala rangi. Linganisha namba ya toleo iliyo chini ya boksi na iliyo chini ya chupa, zikitofautiana, rudisha. Tazama shingo ya pampu: mkwaruzo au alama ya kubanwa upya ni dalili kwamba chupa halisi imejazwa kitu kingine. Mpulizo uwe ukungu mwembamba unaotawanyika, usiwe matone. Kisha subiri. Bandia nyingi huiga vizuri dakika kumi za kwanza, mberoshi na ule ukali, halafu hazina mzizi. Baada ya saa moja unabaki na harufu ya sabuni au huna chochote. Kwa sababu hiyo usikubali kulipa ndani ya dakika tano ukiwa umesimama kwenye msongamano wa Kikuubo, ile mitaa ya maduka ya jumla mjini Kampala. Puliza kwenye mkono, zunguka, nunua mahitaji mengine, rudi baada ya saa nzima.

Kuna pia maduka ya kujaziwa, yanayopima mafuta ya mfano wa Encre Noire na kuyachanganya na spiriti. Sina dharau nayo, ila jua unachonunua. Kwa chupa ya 50 ml, mafuta 10 hadi 15 ml na zilizobaki spiriti ya manukato yenye nguvu ya asilimia 95 au zaidi ndio mchanganyiko wa maana. Muuzaji akitumia spiriti ya kusafishia vidonda, yenye asilimia 70, maji yaliyomo yatakataa mafuta na chupa itakuwa na ukungu kama maji ya mchele. Hata ikichanganywa vizuri, inataka kukaa gizani wiki mbili au tatu kabla ya kuvaliwa, la sivyo ukali wa spiriti unaziba mberoshi. Na bado, katika mafuta haya vetiva ndiyo hupunjwa kwanza. Unapata kijani na miski, hupati ebyanzi.

Kuhusu kuitunza: kioo cheusi huzuia mwanga, hakizuii joto. Chupa iliyosahauliwa kwenye gari lililoegeshwa juani itaanza kupoteza mberoshi wake, na hasara hiyo hairudi. Iweke kabatini, ndani ya boksi, mbali na dirisha na bafu. Ili kujua kilichobaki, tumia mizani ya jikoni. Pima chupa ikiwa mpya, andika uzito chini ya boksi kwa kalamu. Mililita moja ya manukato ina uzito wa gramu 0.8 hivi au kuzidi kidogo, kwa hiyo kila gramu nane zinazopungua ni kama mililita kumi zilizokwenda.

Ukiipenda lakini ukaona nyembamba, ipo Encre Noire À L'Extrême ya mwaka 2015. Imeongezwa ubani na uzito, mberoshi wake umetulia, na inanata zaidi. Kwa Kabale ni nzuri mno. Kwa Kampala inahitaji mpulizo mmoja tu, jioni. Ile ya Sport ya 2013 ina uchangamfu na maji zaidi, na kwa mawazo yangu imeacha giza bila kupata kitu cha kulifidia. Nje ya ukoo huo, jirani wa karibu ni Terre d'Hermès ya Jean-Claude Ellena, iliyotoka mwaka uleule wa 2006: vetiva pia, lakini imekaa chini ya chungwa na jiwe lililopigwa jua. Huyo anamfaa mtu yuleyule mzito wa tabia, saa ambazo analazimika kukutana na watu wengi. Ukiwa na vyote viwili kabatini, Terre d'Hermès ivae kabla ya chakula cha mchana, na Encre Noire iache hadi mawingu yaanze kujikusanya juu ya ziwa.